Tumaini la Nani? Kuhusu Lion, Mercy Mercy na ushuhuda wa kuasili mtoto

Kama umekulia kanisa lolote la Kenya, unajua vile ushuhuda huendeshwa. Mtu anasimama, anasema Bwana asifiwe, anasema Bwana asifiwe tena, halafu anaeleza mahali alikuwa. Mambo yalikuwa magumu. Adui alisimama njiani. Akafunga, akaomba, akangoja. Mwishowe mlango ukafunguka na kanisa likapiga makofi. Ni fani kama fani nyingine na ina kanuni zake. Kanuni moja ni kwamba lazima kuwe na kizuizi, na kizuizi hicho huwa hakipewi nafasi ya kujieleza. Ukiombea visa, yule ofisa wa ubalozi ni mlima. Hakuna mtu amewahi kusimama madhabahuni akasema ofisa aliuliza maswali ya maana.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma na kutazama ushuhuda wa aina moja tu: wa watu wa Ulaya, Marekani na Australia wanaotafuta kuasili mtoto wa nchi nyingine. Ziko nyingi, vitabu na filamu, na zinafanana kama matatu za ruti moja. Kwanza unakuja mwito. Halafu inakuja picha ya mtoto, na mama anasema alijua papo hapo kwamba huyu ni wake. Halafu fomu, alama za vidole, ukaguzi wa nyumba, korti, kungoja, kulia, kungoja tena. Chumba cha mtoto kishapakwa rangi na kitanda kiko tupu. Mwisho ni uwanja wa ndege, mabango na maputo.

Sikuja kucheka watu. Kuna mwanamke aliyepoteza mimba mara tatu, na amefika mahali ambapo tumaini lake lote limebaki ndani ya faili moja kwenye meza ya mtu asiyemjua. Ukimwambia huyo ati tumaini ni jambo la kitoto, wewe ndiye huna imani. Na kwa Kiswahili imani ni maneno mawili katika neno moja: ni kuamini, na pia ni huruma. Mtu katili tunamwambia hana imani. Swali langu ni kama hizi stori zinabeba imani zote mbili, ama zinabeba ya kwanza na kuiacha ya pili nyuma, kule mtoto alikotoka.

Tuanze na ile ambayo wengi mmeiona. Lion ilitoka 2016, ikaongozwa na Garth Davis, ikateuliwa kuwania Oscar mara sita. Inatokana na kitabu cha Saroo Brierley cha 2013, A Long Way Home. Mwaka wa 1986, mtoto wa miaka mitano analala ndani ya treni tupu huko India ya kati na kuamka akiwa njiani kwenda Kolkata, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao. Anaongea Kihindi, na watu wa huko wanaongea Kibengali. Jina la mtaa wao analitamka kitoto na hakuna anayelijua. Baada ya maisha ya barabarani na kituo cha watoto, anaasiliwa mwaka wa 1987 na Sue na John Brierley wa Hobart, Tasmania. Akiwa mtu mzima anaanza kufuata reli kwenye Google Earth usiku baada ya usiku, mpaka anatambua stesheni ya utotoni. Mwaka wa 2012 anarudi Khandwa na kumpata mama yake akiwa hai.

Kuna eneo moja ambalo watu wengi hulikumbuka. Saroo, akiigizwa na Dev Patel, anamhurumia Sue kwa kukosa watoto wake wa kuzaa, na kumwambia kwamba yeye na Mantosh, kaka yake wa kuasiliwa, hawakuja wakiwa karatasi tupu. Sue, ambaye ni Nicole Kidman, anamsahihisha. Wangeweza kuzaa, walichagua kutozaa. Halafu anamweleza kwamba alipokuwa na miaka 12, katika nyumba yenye baba mlevi, aliona maono ya mtoto wa ngozi ya kahawia. Tangu siku hiyo alijua maisha yake yanaelekea wapi.

Kidman anaigiza vizuri sana hapo. Hapigi kelele, hatafuti machozi, anaongea kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ndani yake kitambo. Lakini ukiisikiliza tena, angalia ni nini kimetokea. Mwanamke mmoja Tasmania aliona mtoto miaka mingi kabla mtoto huyo hajazaliwa. Kama maono hayo ni ya kweli, basi kupotea kwa Saroo kulikuwa na kazi. Treni ilikuwa na kazi. Kaka yake Guddu, aliyekufa kwa kugongwa na treni usiku uleule, naye anageuka kuwa sehemu ya maandalizi. Filamu haisemi hivyo, na sidhani Sue mwenyewe angekubali kusema hivyo. Ila ndivyo maono yanavyofanya kazi ndani ya stori: yakishaingia, kila kitu kilichotangulia kinajipanga kuelekea kwao.

Kinachoiokoa Lion ni kwamba iliweka tumaini la pili. Kamla, mama aliyemzaa, aliyekuwa akibeba mawe ili watoto wale, hakuhama. Alibaki eneo lilelile kwa sababu aliamini kwamba siku moja kijana wake atarudi na atamtafuta hapo. Miaka 25. Hakuna kanisa lililomwombea, hakuna mtu aliyekuja kumhoji, na hakukuwa na tarehe ya korti ya kungojea. Sue aliona maono na dunia ikampa fomu ya kujaza. Kamla alikuwa na imani ya ukubwa huohuo na alichoweza kufanya ni kukaa mahali pamoja.

Hapo ndipo ninaposhikana na filamu hii. Inampa Kamla mwanzo na mwisho. Katikati tuko Hobart na Melbourne, tunatazama kijana mwenye nywele nzuri akigombana na mpenzi wake na kubandika ramani ukutani. Kuna dakika nyingi za laptopu. Huyo mama anatokea kama kumbukumbu, akitabasamu katika mwanga wa jioni, kama picha kwenye kalenda. Hatumwoni akizeeka. Hatujui alienda kituo gani cha polisi, aliuliza nani, alilala vipi. Watengenezaji wangeweza kuchukua robo saa moja tu kutoka ile Google Earth wakampa yeye. Walimwachia mwigizaji Priyanka Bose kazi ya kujaza miaka 25 kwa uso wake peke yake katika eneo la mwisho, na kwa kweli anajitahidi, lakini si haki.

Na kuna swali dogo ambalo filamu inaligusa na kuliacha. Kabla Saroo kuasiliwa, anaambiwa picha yake iliwekwa gazetini na hakuna aliyejitokeza. Gazeti la Kolkata. Mama yake alikuwa mkoa mwingine, akiongea lugha nyingine, akibeba mawe. Kwa sheria, tangazo lilitolewa na utaratibu ukafuatwa, na kwa hali ya 1987 huenda hakukuwa na njia bora. Sue na John hawakuiba mtoto, wala wale wa kituo hawakuwa na nia mbaya. Hata hivyo kuna mtu ambaye hakuwahi kuulizwa, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa jibu.

Mercy Mercy inaanza mahali Lion iliponyamaza. Ni filamu halisi ya Denmark, ya 2012, ya mwongozaji Katrine Riis Kjær. Kamera inafuata familia mbili kwa miaka kadhaa: mke na mume wa Ethiopia wenye virusi vya UKIMWI, na mke na mume wa Denmark wanaowaasili watoto wao wawili wadogo. Wazazi wa Ethiopia wameambiwa hawana siku nyingi. Wanakubali watoto waende ili wasibaki bila mtu, na wanaelewa kwamba watakuwa wakipata habari zao, kwamba uhusiano hautakatika. Wanasaini.

Halafu hawafi. Dawa zinafanya kazi. Mama anapona, anaishi, na kila siku anayoishi ni siku ya kuuliza habari za watoto. Habari haziji. Denmark nako mambo yanaharibika. Msichana mkubwa hawezi kuzoea, wazazi wapya wanashindwa naye, na mwishowe anapelekwa kituo cha watoto hukohuko. Mtoto alitolewa kwa wazazi wake ili asiishie katika makao ya mayatima, akavushwa bahari, akaishia katika makao.

Filamu hii ni ngumu kutazama, na si kwa sababu nzuri pekee. Kuna mahali kamera inakaa kwa mtoto anayelia muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, na nilijiuliza kwa nini aliyeishika hakuiweka chini. Mtoto huyo hakuombwa ruhusa ya kulia mbele yetu. Wazazi wa Denmark nao wanaonyeshwa kwa ubaridi, kama watu wasiohisi, na mimi naona walikuwa watu wa kawaida waliopewa ushauri mbaya na hawakujua waombe msaada wapi. Lakini Kjær alifanya jambo moja ambalo ushuhuda haufanyi. Baada ya ndege kuruka, kamera yake moja ilibaki Ethiopia. Tukaona upande wa pili wa uwanja wa ndege, watu wakirudi nyumbani bila mtoto.

Hapo utaelewa kwamba wale wazazi wa Ethiopia nao walikuwa na imani, na ilikuwa imani ya kweli kuliko nyingi nilizosoma. Waliamini neno la watu wasiowajua. Walitumaini kwamba kumtoa mtoto si kumpoteza. Katika desturi nyingi za kwetu hilo si jambo geni. Mtoto hulelewa na shangazi, na nyanya, na rafiki wa familia mjini, na anabaki mtoto wa kwao. Waoromo wa Ethiopia na Kenya wana guddifachaa, kuasili kwa desturi, kunakomwingiza mtoto kikamilifu katika familia mpya. Waislamu wana kafala, ambapo unamlea mtoto kwa moyo wote lakini humfutii jina la baba yake, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inaitambua. Kuasili kwa mujibu wa korti za Ulaya ni kitu tofauti: kunakata. Mtu akikuelezea kukata kwa maneno ya kulea, utasaini bila kujua umesaini nini.

Hata neno letu linatega. Kuasili kumebeba asili ndani yake. Unampa mtoto asili mpya, ama unaikubali ile aliyokuja nayo? Saroo alikuwa mtu mzima alipogundua kwamba hata jina lake alilitamka vibaya utotoni. Alikuwa Sheru, yaani simba. Ndipo filamu ikapata kichwa chake.

Neno lingine la kuchunguza ni yatima. Nyuma ya mwito huu wa kuasili, hasa kwa makanisa ya kiinjili ya Marekani, kuna aya moja inayorudiwa sana, Yakobo 1:27. Mwandishi wa habari Kathryn Joyce aliandika kitabu kizima kuhusu vuguvugu hilo, The Child Catchers, kilichotoka 2013. Kitabu chake kina hasira, na mahali pengine hasira inakimbia mbele ya ushahidi wa moyo wa mtu mmoja mmoja, lakini kazi yake ya miguu ni nzito: Ethiopia, Liberia, Haiti. Anaonyesha jinsi hitaji la kupata watoto lilivyoweza kuzalisha mayatima ambao hawakuwa mayatima. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Januari 2010, baada ya tetemeko la Haiti, Wamarekani 10 wa Kibaptisti walipokamatwa wakijaribu kuvusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika. Watoto hao walikuwa na wazazi.

Sasa rudi kwa ile aya. Haizungumzii mayatima peke yao. Inawataja mayatima pamoja na wajane, na inasema waendewe katika dhiki yao. Nani huyo mjane aliyesimama kando ya yatima? Mara nyingi ni mama yake. Hata kwa Kiarabu, tulikolitoa neno hili, yatima ni aliyefiwa na baba. UNICEF nayo humhesabu yatima kuwa mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, na wengi katika hesabu hiyo wana mzazi aliye hai. Kwa hivyo ukisikia nchi fulani ina mamilioni ya mayatima, usione umati wa watoto wasio na mtu. Ona akina mama wengi wasio na pesa. Ushuhuda umechukua nusu ya aya, ukamleta mtoto Ulaya na kumwacha mjane pale alipokuwa.

Mimi hili linanigusa kwa njia ya pembeni. Nilipoacha chuo, watu wa ushirika wetu walinifariji kwamba ni mpango wa Mungu. Walimaanisha mema kabisa. Lakini mimi nilijua ni karo. Kulikuwa na kiasi fulani cha pesa, kilikuwa na tarakimu, na hakikupatikana. Ukishaita kitu mpango wa Mungu, hakuna tena mtu wa kuuliza kuhusu hizo tarakimu. Ndiyo sababu nikisoma mahali mama ameandikwa kwamba alitoa mtoto kwa upendo, kisha ukurasa unaofuata unasema Mungu alikuwa amepanga, mkono wangu unarudi nyuma kutafuta bei. Alikosa nini haswa? Kodi? Dawa? Maziwa? Na gharama ya tiketi za ndege zilizomleta huyo mzazi mpya ingelipa miezi mingapi?

Najua jibu mtakalonipa, na ni jibu zuri. Kuna watoto ambao kweli hawana mtu. Wako kwenye makao saa hii, na wengine watafikisha miaka 18 humo. Proverbu zetu wenyewe zinagombana juu ya hili. Moja inasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nyingine inasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Zote ni kweli, na mtoto aliye peke yake hana haja na mjadala wetu, ana haja na mtu wa kumfunika usiku.

Na sheria yenyewe inaweza kuumiza. Septemba 2013, Kongo ilisimamisha vibali vya watoto walioasiliwa kuondoka nchini. Mamia ya watoto waliokuwa tayari na hukumu za korti walikwama, wengine kwa zaidi ya miaka miwili, wakikua mbali na watu ambao karatasi zilisema ni wazazi wao. Kenya ilisimamisha kuasiliwa kwa watoto na wageni Novemba 2014, kwa hofu ya biashara ya watoto. Ethiopia ikapiga marufuku Januari 2018. Kwa wazazi waliokuwa katikati ya safari, hizo zilikuwa habari za msiba, na siwezi kuwaambia kwamba walilia bure.

Ila angalia sheria inauliza nini. Mkataba wa Hague wa 1993, ambao Kenya ilijiunga nao 2007, unataka kwanza itafutwe njia ya mtoto kulelewa nchini mwake, na ndipo kuvuka mipaka kufikiriwe. Mpango wa taifa wa Kenya wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watolewe kwenye makao warudishwe katika familia. Hayo ni maswali ambayo Kamla angeuliza kama angekuwa na pa kuulizia. Huyu mtoto ni wa nani? Mmetafuta kwao? Mmetafuta kwa lugha gani? Katika ushuhuda, hayo ndiyo yanayoitwa mlima. Ndiyo yanayofungiwa na kuombewa yaondoke. Hapa ndipo fani inapofanya madhara: inamfunza mtu mwenye moyo mzuri kuona swali la haki kama kazi ya adui.

Na sisi vijana wa Nairobi tusijitoe. Kila Desemba tunabeba unga, sukari na mafuta, tunaenda makao ya watoto, tunapiga picha na watoto ambao majina yao tunayasahau kabla ya kufika stejini. Tunaandika kwamba tumebarikiwa. Ni ushuhuda uleule, mfupi zaidi. Wengi wetu hatujawahi kuuliza mama wa huyo mtoto tuliyembeba anaishi mtaa gani.

Kwa hivyo pendekezo langu ni hili. Tazama Lion, kwa ajili ya Sunny Pawar, yule mtoto anayeigiza Saroo mdogo, ambaye kwa karibu saa nzima anaibeba filamu bila maneno mengi. Halafu wiki nyingine, ukiwa na nguvu, tafuta Mercy Mercy. Usizitazame siku moja. Soma Joyce baadaye, ukiwa umeshaona nyuso, ili hasira yake ipate mahali pa kukaa.

Lion inamalizika kwa picha halisi. Zaidi ya miaka 25 baada ya Saroo kufika Hobart, Sue anasafiri hadi India na kukutana na mama aliyemzaa mwanawe. Wanakumbatiana, na Saroo yuko nao. Hawana lugha moja. Ni sekunde chache tu halafu majina yanaanza kupanda kwenye skrini, na watu kwenye sinema wanaanza kutafuta viatu na simu. Kaa hapo kidogo. Huyo mwanamke wa pili ana stori ndefu ya kungoja, na hakuna aliyemwomba asimame aitoe.